Tasbihi ya Shanga Mia

Jumatatu, 6 Julai 1874. Burfu

Nimechaguliwa! Kapteni Tredwell wa Ofisi ya Ramani ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mwaka huu aende Hayat Singh, yaani mimi. Si binamu yangu Padam, ambaye ameshakwenda mara mbili na tangu arudi hakai na watu bila kutoa ile saa yake ya dhahabu mfukoni. Saa yenyewe haitembei. Aliitia ufunguo mpaka kikakatika kitu ndani. Lakini ataitoa, ataitazama, atasema lo, muda umekwenda, na wazee wazima wataitikia.

Kusema kweli nilimsaidia Kapteni kuamua. Nilimwandikia mwezi wa tatu kwamba magoti ya Padam yamekwisha. Si uongo mkubwa. Mtu wa miaka arobaini na miwili hakosi goti moja linalomsumbua.

Kazi yenyewe ni hii. Nijifanye hujaji, nivuke mpaka wa milimani, niingie Tibeti, ambako wapima ardhi hawatakiwi hata kuonekana kwa mbali. Nihesabu hatua tangu kilele cha mpakani hadi ziwa la Dungmar. Kila hatua futi mbili na nusu. Kila hatua mia, navuta shanga moja ya tasbihi. Tasbihi ya wacha Mungu wa kule ina shanga mia na nane. Hii niliyopewa na Kapteni ina mia kamili, ili hesabu iwe nyepesi: mzunguko mmoja, hatua elfu kumi. Nani atakaa kuhesabu shanga za hujaji? Na ndani ya gurudumu langu la sala, kikopo chenye mpini ambacho mahujaji huzungusha wakisali, mahali pa karatasi za sala, zimo karatasi tupu za kuandikia. Na shajara hii.

Zawadi ni saa ya dhahabu. Yangu itatembea.

Jambo jingine, nimechukua jiwe. Babu zetu walipofunga urafiki wa biashara na watu wa Dungmar walipasua jiwe moja, kila ukoo ukaondoka na nusu. Ukifika na nusu yako, ikakaa sawasawa kwenye nusu yao, wewe ni wa nyumbani. Unalishwa, unalazwa, unadhaminiwa. Nusu yetu inakaa kwa Padam, eti kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Leo alipokwenda mtoni nilipenya kwake nikalitoa nyuma ya mlango. Mke wangu Rukma akaniuliza ninaficha nini ndani ya blanketi. Nikamwambia ni siri ya serikali. Akasema siri ya serikali isimmwagie vumbi kwenye unga.

Jumapili, 12 Julai. Kileleni

Tumevuka, mimi na mbuzi thelathini. Kila mbuzi ana vimfuko viwili, sukari guru kulia, ngano kushoto. Mbele anatangulia Jemadari, beberu wangu mzee, ambaye hamheshimu mtu yeyote na ndiyo maana tunaelewana.

Nimeanza kuhesabu kwenye rundo la mawe la kileleni, saa mbili asubuhi. Kuhesabu si kazi. Kazi ni watu! Kila msafiri anataka salamu, umetoka wapi, theluji ikoje, wa nyumbani hawajambo? Na huku moyoni ninasema elfu tatu mia mbili na kumi, elfu tatu mia mbili na kumi na moja. Mzee mmoja muuza chumvi akaniuliza nina mbuzi wangapi. Nikamjibu elfu tatu mia mbili na kumi na mbili.

Aliwatazama mbuzi wangu kwa muda. Akauliza wengine wako wapi. Nikasema wanakuja nyuma. Akakaa juu ya jiwe kuwasubiri, na nilipokata kona ya bonde alikuwa bado amekaa.

Kuanzia leo nitahesabu mpaka mia tu, kama Kapteni alivyonifundisha. Shanga ndizo zitakazokumbuka mengine.

Ijumaa, 17 Julai. Njiani

Nimegundua kwamba hatua zangu zinafupika. Asubuhi ninazo futi mbili na nusu. Baada ya pombe ya shayiri ya mchana, futi mbili kasoro. Nikabuni dawa. Kamba ya urefu kamili, ncha moja kwenye kifundo cha mguu wa kulia, ya pili kushoto. Hapo hata ukitaka kukosea huwezi! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, nami nimejifunga mwenyewe nisiwape watu taabu.

Nilikwenda vizuri mpaka kwenye kijito. Kijito kina upana wa futi tatu.

Ng'ambo walikuwapo watawa watano wanakunywa chai. Walinivuta kwa kola wakanitoa majini, wakaiona kamba, wakatazamana. Mkubwa wao akauliza kwa upole ni dhambi gani hiyo nzito kiasi cha kujifunga miguu. Nikasema nilimsingizia binamu yangu ugonjwa wa magoti.

Walisikitika sana. Walinisomea sala muda wa kukausha nguo, kisha wakaikaza ile kamba upya, fundo la kitawa lisilofunguka, wakaniambia nisiiguse mpaka jua litue. Jemadari aliniangalia nikirukaruka mchana kutwa.

Mizunguko kumi na mmoja hadi leo.

Jumamosi, 25 Julai. Dungmar

Nimefika! Mizunguko ishirini na mitatu kamili, na shanga ya mwisho nimeivuta mlangoni kwa Norzang.

Norzang ndiye rafiki wa ukoo wetu, mzee wa chumvi na wa yaki, wale ng'ombe wa manyoya marefu, masikio makubwa, sauti kubwa. Hajawahi kuniona. Alitoa nusu yao sandukuni, imefungwa kitambaa cha hariri. Mimi nikatoa yangu kwa madaha. Akaziunganisha. Hazikukaa. Akageuza. Hazikukaa. La kwao ni jeusi tii. La kwangu, sasa nikiliona vizuri mchana kweupe, ni la kijivu, na lina mabaki ya kokwa za aprikoti. Padam analipasulia kokwa!

Mke wake, Mama Yangdol, aliacha kukoroga chai. Nikawa natafuta uongo, na uongo siku unapouhitaji hauji.

Norzang alinitazama usoni. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Akasema jiwe halikukaa lakini pua imekaa. Pua hii aliiona kwa babu yangu yeye akiwa mdogo, na hakuna mwizi mwenye akili timamu ambaye angeiiba. "Ingia, mwanangu," akasema. "Chai inapoa."

Chai ya siagi na chumvi, unga wa shayiri, nyama iliyokaushwa kwa upepo. Nimekula kama niliyetumwa. Kumbe jiwe si lazima, ilimradi uso uwe wa kuaminika. Kapteni aliliona hilo.

Jumatatu, 27 Julai. Dungmar

Asubuhi nilitaka kupima urefu wa nchi. Kipimajoto kimo ndani ya fimbo yangu. Maji yakichemka unakitumbukiza, unasoma, na kule ofisini watajua uko juu ya bahari kiasi gani. Nikateleka maji, nikageuka kuichomoa fimbo. Mama Yangdol akayaona maji yanachemka peke yake, akaingiwa na huruma, akatia majani ya chai, chumvi na bonge la siagi. Nikatumbukiza bila kutazama. Nimeandika jibu hivyohivyo. Nchi hii iko juu sana, na ina mafuta.

Mchana akaja karani wa Mkuu wa boma, mwembamba, kofia ya manyoya ya mbweha. Hakuna mgeni anayelala Dungmar zaidi ya siku tatu bila mdhamini. Akasoma karatasi kwa sauti. Mdhamini anaapa kwamba huyu ni hujaji, hapimi nchi, hatumwi na mtu. Ikionekana kinyume, mdhamini atatoa mifugo yake yote, na nyumba, na mkono uliotia kidole.

Nilidhani Norzang atauliza swali. Hata moja. Alichovya kidole gumba kwenye wino akakigandamiza, huku anamuuliza karani habari za jino lake. Kidole kikubwa kile, kimepasukapasuka kwa chumvi. Kilijaza nusu ya karatasi.

Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu nikakumbuka saa.

Jioni Mama Yangdol aliomba azungushe gurudumu langu la sala, kwa maana lake limelegea. Alizungusha mpaka giza likaingia. Anasema ni zito, lazima limebeba sala za ukoo mzima. Ndani yake imo shajara hii! Kwa hiyo magoti ya Padam yamepanda mbinguni mara elfu moja leo. Kisha akaichukua tasbihi yangu, akaipitisha vidoleni taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akaanza tena. Mcha Mungu sana yule mama.

Jumatano, 29 Julai. Dungmar

Habari mbaya. Msafara wa pamba umefika kutoka magharibi na umbea wake. Kwenye mpaka wa huko wamemkamata hujaji wa uongo, na kilichomkamatisha ni tasbihi: ilikuwa na shanga pungufu. Sasa amri imetoka, maboma yote yahesabu tasbihi za wageni. Karani atapita keshokutwa.

Norzang alisimulia habari hiyo kwenye chakula kama kichekesho. Akasema pole yao wapima ardhi, wanatembea nchi nzima na hawaoni kitu, wanatazama miguu yao tu. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama Yangdol hakucheka.

Kutwa nzima nimebuni mipango. Wa kwanza, kuipoteza tasbihi. Hujaji bila tasbihi? Wataniuliza. Wa pili, kutoroka. Lakini miguu ya Jemadari imevimba. Wa tatu ndio uliokuwa mzuri: kuweka nadhiri ya kunyamaza. Mtu aliye kwenye nadhiri haulizwi maswali, na asiyeulizwa hajikanyagi. Nikamwonyesha Norzang kwa ishara kwamba sitasema neno kwa siku saba. Akainama kwa heshima.

Mama Yangdol akaleta chai akauliza kama chumvi imekolea. Nikamwambia bado kidogo.

Baadaye akaomba nimwachie tasbihi usiku kucha aipake siagi, akasema upepo umeikausha na uzi umechoka. Kumkatalia kungezua maswali. Nikampa. Alikaa nayo karibu na moto, na sanduku lake la uzi, mgongo ametupa sisi. Norzang alikuwa akizungumza na mimi kwa sauti kubwa kupita kawaida, juu ya yaki aliyekufa mwaka ule.

Ijumaa, 31 Julai. Dungmar

Bado mzima!

Karani alikuja na askari wawili. Wakafungua mizigo, wakawahesabu mbuzi, wakaonja sukari guru, wakaonja tena. Askari mmoja akaigonga fimbo yangu. Jemadari akamgonga askari. Gurudumu la sala hawakulifungua, ni dhambi, lakini karani alilizungusha mara tatu kujitakia baraka za jino lake. Akasema zito. Kisha akanyoosha mkono: tasbihi.

Nilimtazama Norzang. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia ameuingiza ndani ya joho kama mtu aliyeona baridi. Nilijuta. Nasema kweli, moyo uliniuma. Nilisema moyoni nikitoka hapa salama nitamwambia yote, nitamwomba radhi, nitaachana na Kapteni na saa na ramani, nitauza sukari guru mpaka kufa.

Karani anahesabu kwa sauti. Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia. Nikafumba macho. Mia na moja. Mia na mbili. Nikafumbua jicho moja. Mia na saba. Mia na nane. Akanirudishia.

Karani hajui kuhesabu! Mtu wa serikali, na kofia ya mbweha, ameruka nambari nane bila haya. Nimeokolewa na elimu duni. Nilitamani kumkumbatia.

Norzang aliutoa mkono akaomba chai. Mama Yangdol akamimina, hata tone halikumwagika. Mimi ndiye niliyemwaga.

Yale niliyoyasema moyoni yalikuwa ya woga. Neno la mtu aliyetishwa halihesabiwi hata mahakamani.

Jumapili, 2 Agosti. Dungmar

Naondoka. Norzang alinitoa nje asubuhi, akaniambia aibu ilioje, mtu wa ukoo kuja na jiwe la kupasulia kokwa. Akaokota jiwe jeupe kando ya ziwa, akaliweka juu ya jabali, akalipiga mara moja. Likapasuka katikati. Nusu akanipa, nusu akaitia kifuani. Tukanywa pombe kwenye bakuli moja. Akasema hili si la babu zetu, ni letu mimi na wewe, na mwanao akija na nusu hiyo nitamjua hata kama hana pua yako, masikini.

Machozi yalinitoka. Nimesingizia moshi, ingawa tulikuwa nje.

Lakini lazima niandike jambo zito. Nilipokuwa nikifunga mizigo, Mama Yangdol alikaa juani anasali na tasbihi yake. Mimi sasa ni fundi, siwezi kuona shanga bila kuzihesabu. Nikahesabu. Mia moja! Nikadhani nimekosea, nikasubiri mzunguko wa pili. Mia kamili! Nikamwuliza kwa ujanja, kama mzaha, mbona tasbihi ya mama imepungua? Akasema nane amemwazima mtu mwenye shida. Nikamwuliza nani. Akasema mtu mmoja tu, hana akili sana, lakini ana mke na mbuzi.

Hakutaja jina. Nani mwingine mwenye tasbihi ya mia isipokuwa watu wa Kapteni? Huyu mama ametumwa. Na si mimi ninayemtuma. Ninamshuku Padam. Kikulacho ki nguoni mwako!

Nilimuaga kwa heshima zote. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nitembee pole pole, na nisali kweli siku moja moja.

Ijumaa, 14 Agosti. Kileleni

Nimerudi kwenye rundo la mawe. Hesabu ya kurudi: mizunguko ishirini na mmoja na shanga thelathini na mbili.

Kwenda ilikuwa ishirini na mitatu. Nilishtuka kidogo. Lakini nimefikiri, na nimeelewa. Kurudi nyumbani ni karibu kuliko kwenda, hata mbuzi wanajua. Wanasayansi hawajalipima jambo hili kwa sababu wote wanasafiri kwa farasi. Nimeandika ukurasa mzima kwa Kapteni. Huenda sheria hii ikapewa jina langu.

Yule mzee muuza chumvi aliyesubiri mbuzi hayupo tena kwenye jiwe lake.

Jumatano, 19 Agosti. Burfu

Padam alinipokea kijijini mbele za watu, akaniuliza kama nimeridhika na jiwe lake la kokwa, maana tangu nilichukue hajala aprikoti. Watu wakacheka. Akasema jiwe la ukoo liko sandukuni, na ufunguo uko shingoni. Kisha akauliza magoti yangu hayajambo. Nani amemwambia? Nashuku wale watawa.

Nyumbani nikaiketisha hesabu sawasawa. Nikaitandaza tasbihi mkekani, nikahesabu shanga. Mia na nane! Nikahesabu tena. Mia na nane! Kumbe karani alikuwa sahihi, maskini, nimemsema bure. Na kati ya hizo, nane ni nyeusi zaidi, zimelainika kwa kushikwa miaka mingi, zinanuka siagi.

Nikamwita Rukma nikamwonyesha. Padam! Aliingia kwangu kabla sijaondoka akaniongezea shanga nane ili kuiharibu kazi yangu. Na Padam anapenda siagi, kila mtu anajua.

Rukma akaniuliza kwenda ilikuwa mizunguko mingapi. Nikamwambia. Na kurudi? Nikamwambia. Akasema basi shanga zimeingia katikati ya safari, si kabla, hata mtoto anaona. Akauliza huko katikati nililala kwa nani. Nikamwambia kwa Norzang, na wala asiniletee habari za wale, maana mke wake mwenyewe ana walakini. Tasbihi yake ina shanga mia tu, nimehesabu kwa macho yangu. Eti nane amemwazima mtu mwenye shida, hana akili sana, ana mke na mbuzi.

Rukma akaziangalia zile shanga nane, akaniangalia mimi, akaangalia shanga. Akaniuliza kama kule kuna mtu aliyenitilia kidole cha udhamini. Nikamwambia Norzang, mkono wake wote. Akasema, "Nyani haoni kundule, baba." Akafunga ushungi akaenda kuwapa mbuzi maji, na macho yake yalikuwa mekundu. Wanawake ramani huwa zinawachosha.

Jumatatu, 9 Novemba. Munsyari

Tumeshuka bondeni kwa ajili ya baridi. Tarishi ameleta barua ya Kapteni!

Saa ya dhahabu hapana. Ameniletea mwavuli, mpini wa shaba. Anasema ziwa la Dungmar kwa hesabu ya kwenda liko mahali pamoja, kwa hesabu ya kurudi liko mahali pengine, na kwa kipimo cha chai liko juu ya mawingu. Kwa hiyo mwakani, vilele vikifunguka, nirudi kulekule kwa njia ileile, nikahesabu upya. Nikileta hesabu safi, saa ni yangu.

Nirudi! Ananiamini kuliko nilivyodhani. Padam amekaa na saa yake mbovu, na mimi nina mwavuli na safari.

Rukma alisema nisiende. Nikimlazimisha kukubali, basi nisiguse tasbihi, niende nayo vilevile ilivyo, nihesabu kwa kugawa, hata yeye ataweza kunifundisha. Nikamwambia Ofisi ilisema shanga mia, na mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Akasema nife basi peke yangu nisimuulie mtu mume. Hasira tu. Atazoea.

Mchana huu nimeukata uzi. Zile nane nimezitoa, nimezitunga, nimezifunga shingoni kwa Jemadari, zinampendeza. Yeye ndiye atakayetangulia. Lile jiwe jeupe ninalo pia. Nimelipata zuri la kukandamizia karatasi.

Nimezihesabu mara tatu zilizobaki. Mia kamili, kama alivyotaka Kapteni. Na jioni nimempa muuza ngano mmoja barua aifikishe Dungmar, kwamba Norzang anitandikie palepale nilipolala, Mama Yangdol asizidishe chumvi, na mzee akae na kidole gumba tayari.